NGUVU ZA MWILI NAZO NI AKIBA: CHAGUA ZOEZI LINALOKUFAA

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)






Wenzangu waliotangulia wamesema habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mimi nimepangiwa habari za mazoezi ya nguvu. Nimemsikia mama mmoja huko nyuma akiguna, "Mazoezi tena, na jembe nililoshika asubuhi?" Mama, nimekusikia. Nitakujibu, subiri kidogo. (Vicheko)

Nianze na mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Mama yule alilima, alitwanga, alibeba kuni, akatulea watoto saba. Alipopita miaka 70 hakuwa na ugonjwa wa kutisha. Tatizo lake lilikuwa moja: akichuchumaa chooni, hawezi kuinuka. Ikabidi kila akienda, mtu amfuate amshike mikono. Mwanzoni tulitaniana naye. Baadaye, bila kumwambia mtu, akaanza kupunguza kunywa maji ili asiende mara kwa mara. Mimi muuguzi, ninayempima presha na kumhimiza dawa, hilo sikuligundua mpaka siku alipoishiwa nguvu tukamlaza. Alikuwa anaficha aibu.

Jamani, mtu anaweza kuwa na nyumba, shamba na watoto wenye kazi, lakini akikosa nguvu za mapaja, heshima yake inashikwa mikononi na watu wengine. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Akiba inayotoka bila kuingizwa

Misuli ya mwili huanza kupungua polepole tangu tunapopita miaka 30 na kitu, na baada ya miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Kwetu wanawake kuna jambo la pili: hedhi ikikoma, mifupa nayo hupoteza uimara wake upesi. Ni kama daftari la mwanachama anayetoa kila mwezi na haweki hata senti. Sanduku lina kufuli tatu, lakini fedha zinakwisha.

Habari njema ni kwamba daftari hili halifungwi. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wazee wa nyumba ya kutunzia wazee huko Boston. Walikuwa watu wachache tu, lakini walikuwa na wastani wa miaka 90! Kwa wiki 8 walifanyishwa mazoezi ya uzito kwa miguu, chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani zaidi ya mara mbili. Kama mtu wa miaka 90 anaweza kuweka akiba, wewe wa miaka 45 unayesema umechelewa, umechelewa nini? (Makofi)

Je, kazi za nyumbani hazitoshi?

Sasa namjibu mama wa jembe. Kazi zetu ni nzito na zinatupa nguvu, sibishi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Wakikuyu waliozoea kubeba mizigo. Wataalamu waliona kwamba wanawake wale waliweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nishati zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Yaani mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12, na mwili wake hauhesabu. Huo ni ujuzi mkubwa, tujivunie.

Lakini tazama maana yake. Mwili uliozoea mzigo hujifunza kuubeba kwa gharama ndogo. Ndoo ya mwaka huu ni ileile ya mwaka juzi, kwa hiyo hakuna kinachoulazimisha mwili kuongeza kitu. Tena kazi haichagui. Jembe linakunja mgongo upande uleule kutwa nzima. Cherehani inainamisha mabega. Mama lishe anasimama tangu alfajiri, lakini hachuchumai na kuinuka kwa hesabu. Na wengi wetu siku hizi bomba liko uani na mashine ya kusaga iko jirani. Mazoezi ya nguvu yanapita pale ambapo kazi haipiti, na mzigo wake huongezwa kidogo kidogo kwa mpango.

Kosa langu mwenyewe

Baada ya kumzika mama nilisema sitaki kufika pale. Nikamfuata binti wa dada yangu kwenye jimu moja ya mjini. Yeye ana miaka 24, mimi nilikuwa na 56. Mwalimu hakuniuliza umri wala afya, nami kwa kiburi sikusema. Alichonyanyua binti, nami nikanyanyua. Siku ya tatu mgongo ulikataa, nikalala wiki nzima, na jimu nikaisusa.

Kosa lilikuwa la kuchukua mkopo kwa sababu jirani kachukua. Hapa kikundini mtu akifanya hivyo tunamkatalia. Kamati ya Mikopo inauliza maswali matatu: Unataka fedha za nini? Una dhamana gani? Utarejeshaje? Basi hata zoezi tulichague kwa maswali hayohayo.

Swali la kwanza: Unataka nguvu za nini?

Usiseme "nataka afya." Hilo ni jibu la mwombaji asiye na mradi. Sema: nataka kuinuka mkekani msibani bila kushikwa. Nataka kupandisha gunia mezani sokoni bila kuumiza mgongo. Nataka mabega yasiniume nikishona. Wengine mnataka kupungua mwili. Nawaambia ukweli kwamba mazoezi ya nguvu peke yake hupunguza uzito kidogo tu, chakula ndicho chenye kauli kubwa. Lakini yanalinda misuli yako wakati unapungua, na yanausaidia mwili kuitumia vizuri sukari iliyo kwenye damu. Na binti anayetaka umbo zuri, hilo nalo ni lengo, tusimcheke. Asiogope kwamba atakuwa na mwili wa kiume. Homoni inayojenga misuli mikubwa ya kiume sisi tunayo kidogo sana.

Swali la pili: Mwili wako una dhamana gani?

Una miaka mingapi? Magoti yakoje? Umejifungua lini? Una presha, sukari, au uliwahi kuvunjika? Na lile tusilolisema hadharani: wapo miongoni mwetu ambao wakikohoa au kunyanyua kitu, mkojo unachuruzika. Msione haya. Huko ni kulegea kwa misuli ya nyonga, na ina mazoezi yake ya kukaza na kulegeza ambayo mkunga au mtaalamu wa viungo anaweza kukufundisha. Anza na hayo kabla ya kunyanyua vizito.

Swali la tatu: Utadumu nalo?

Zoezi zuri kuliko yote ukilifanya wiki mbili tu ni hasara. Pima muda wako, nauli yako na ada yako.

Aina nne za kuchagua

1. Uzito wa mwili wako. Huhitaji kitu ila kiti na ukuta. Kaa kitini, inuka bila kusukuma kwa mikono, kaa tena. Piga pushapu za ukutani. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua nyonga. Simama ushike meza, nyanyua visigino. Linamfaa anayeanza, mzee, na mwenye lengo kama langu. Huongezi kilo, unapunguza kimo: ukizoea kiti kirefu nenda kwenye stuli, kisha kigoda, mwishowe kuchuchumaa kabisa. Mimi nilitumia miezi mitano kutoka kitini hadi kigodani. Upungufu wake ni kwamba misuli ya kuvuta, ile ya mgongo wa juu, haipati kazi ya kutosha.

2. Mpira. Ule wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa, unafaa sana. Ufunge kwenye nguzo imara uvute kuelekea kifuani, viwiko vikirudi nyuma. Hili ni zoezi la mshonaji, msusi na wote wanaoinama. Kagua kwanza kama haujachanika, maana ukikatika unaweza kukupiga usoni.

3. Vyuma, au madumu yetu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5, ukilijaza nusu ni kilo 2 na nusu. Mizani gani nyingine unataka? Aina hii inamfaa anayebeba mizigo kazini na anayetaka kulinda mifupa, kwa kuwa mfupa huimarika ukipata uzito wa kuushitua. Jifunze kwanza kunyanyua: mzigo karibu na mwili, magoti na nyonga vikunjwe, mgongo unyooke. Ukishindwa kuuweka mgongo sawa, dumu hilo si lako bado, punguza maji.

4. Mashine za jimu. Mashine inakushikilia, njia yake ni moja, kwa hiyo mgeni hapotei sana, na uzito ni rahisi kuongeza kidogo kidogo. Lakini kwa kuwa inakushikilia, haikufundishi kusimama imara bila kuyumba. Na kuna ada. Ukienda, mweleze mwalimu hali yako hata asipouliza.

Si lazima uchague moja. Mimi leo nina ya kwanza na ya tatu, tena uani kwangu.

Kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mtu mzima aimarishe misuli mikubwa yote ya mwili siku 2 au zaidi kwa wiki. Wenye miaka 65 na kuendelea wanashauriwa mazoezi ya nguvu pamoja na yale ya kuzuia kuyumba, siku 3 au zaidi. Kwa anayeanza, kila zoezi mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Zile mbili za mwisho ziwe ngumu lakini zisiharibu mtindo. Ukifika 12 kwa urahisi, ongeza kidogo. Misuli uliyoifanyisha kazi leo, kesho ipumzike. Na ile mboga ya maharage, dagaa au yai usiwaachie watoto na baba peke yao. Misuli hujengwa na chakula hicho.

Tahadhari

Usizuie pumzi unaponyanyua, hasa mwenye presha. Toa pumzi wakati wa kunyanyua. Misuli kuuma siku moja mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, kifua kubana au kizunguzungu si kawaida: acha, nenda zahanati. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Kila wiki tunakutana, na kila wiki tunawasubiri wachelewaji. (Vicheko) Naomba zile dakika 10 kabla ya kufungua sanduku tusimame sote tukae na kuinuka vitini, kila mtu kwa kiti kinachomfaa. Katibu aandike kila mmoja ameanza na kiti gani na mara ngapi, kama anavyoandika hisa. Bibi zetu wapewe viti virefu vyenye pa kushika, na asiwepo wa kuwacheka.

Miaka 10 iliyopita tulianza na vijisenti, wakatuita wacheza upatu. Leo wanakuja kutuuliza tulifanyaje. Tulifanya kidogo kidogo, kila mtu kwa uwezo wake, bila kuruka wiki. Sina siri nyingine ya kuwapa kuhusu nguvu za mwili.

Mama yangu hakupata wa kumwambia haya mapema. Ninyi mmeambiwa.

(Makofi na vigelegele)