Mzee Apimwe kwa Lipi?



Wengi wenu, askari wa jeshi na wa polisi, kila mwezi hutenga sehemu ya mshahara kwa ajili ya mzazi aliyebaki kijijini. Serikali nayo huwasaidia baadhi ya wazee. Je, huamua vipi nani apewe na nani asubiri?

Mpango wa misaada uitwao SAGE ulipoanza kulipa mwaka 2011, katika wilaya chache zikiwamo Kiboga na Kaberamaido, ulitumia vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa umri: miaka 65, na 60 huko Karamoja. Cha pili kilitazama nyumba nzima: ina wazee wangapi, yatima wangapi, walemavu wangapi, na nani ana nguvu za kushika jembe. Kwa nadharia, hiki cha pili ndicho kilichoikaribia shida yenyewe. Lakini vijijini hakikueleweka. Majirani wawili, wote maskini, mmoja aliitwa na mwingine akaachwa, na ilikuwa vigumu kumweleza huyu wa pili sababu. Yapata mwaka 2015 kikaachwa. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, katika mwaka wa fedha 2020/21, walioandikishwa wapya walitakiwa kuwa na miaka 80, na malipo yalikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi.

Umri hauna ubishi, ndivyo ilivyodhaniwa. Kumbe umri wenyewe husomwa katika kitambulisho cha taifa, na wazee wengi walizaliwa pasipo cheti. Ajuza wa miaka 83 aliyeandikwa kuwa na miaka 76, kwa daftari ni wa 76. Wengine vidole vimesuguliwa na jembe hata mashine haivitambui. Mwaka 2022 mashirika ya kiraia yalilifikisha jambo hili Mahakama Kuu.

Ipo njia nyingine ya kuuliza. Sensa ya mwaka 2014 iliwauliza watu kama wanapata taabu kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka, na taabu hiyo ni kubwa kiasi gani. Swali la namna hii halitafuti jina la ugonjwa. Hutafuta kazi iliyomshinda mtu. Askari aliyewahi kujeruhiwa hahitaji kufundishwa hili: jeraha moja humwacha huyu akiendesha lori, na yule akashindwa kufunga kamba za viatu. Kwa maoni yetu, umri na ubaki kuwa mlango, lakini kipofu wa miaka 70 asiye na mtoto apate mtu wa kumwuliza maswali hayo, na akikataliwa aelezwe sababu kwa lugha yake.

Kwa sasa, utakapopewa likizo, soma tarehe iliyoandikwa katika kadi ya mama yako. Ikiwa si sahihi, marekebisho huombwa katika ofisi ya wilaya ya Mamlaka ya Vitambulisho na Usajili. Umpeleke mwenyewe, maana mara nyingi ofisi hiyo i mbali na kijiji, na ajuza hawezi kusimama foleni peke yake.