Shikamoo Haitoshi: Lugha na Haki za Wazee katika Pwani ya Mtwara

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wetu wa Shangani mlioitikia mwaliko: shikamooni.

Salamu hiyo wengi huieleza kuwa ina maana ya kushika miguu ya mkubwa. Swali la mhadhara huu ni jepesi kuliuliza: lugha inayomwinamia mzee hivyo katika salamu, humwitaje inapofika zamu ya haki yake? Hoja yangu ni kwamba katika salamu mzee ni mwenye hadhi, lakini katika nyaraka ni mhitaji. Na tofauti hiyo ina gharama.

1. Si ngeli, ni matumizi

Wanafunzi wa sarufi hupenda kuonesha kwamba kiambishi ki- hudunisha. Hutaja kizee, kikongwe, kipofu na kiziwi. Ushahidi huo haujitoshelezi, maana kijana na kiongozi nao wana ki- hiyo hiyo. Isitoshe, twasema kikongwe amefika, hatusemi kimefika. Upatanisho wa kisarufi humrudishia mtu utu wake. Basi tusiishtaki ngeli. Tutazame jinsi maneno yanavyotumiwa na wenye mamlaka.

2. Kuomba na kudai

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kwa umri wa miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, katika suala la matibabu bila malipo, maneno yaliyozoeleka Tanzania Bara ni “wazee wasio na uwezo” au “wasiojiweza”. Hapo umri pekee hautoshi. Mzee huelezwa kwa ukanushi, na ili apokelewe hana budi kuthibitisha kile asichonacho.

Linganisheni vitenzi. Mtumishi mstaafu hudai pensheni yake. Mvuvi wa Msangamkuu, mkulima wa korosho wa Newala, au bibi aliyechokoa pweza miaka 40 maji yakipwa, huomba msaada. Wote wamefanya kazi, na mkulima wa korosho amekatwa ushuru msimu hadi msimu. Kilichowatenganisha ni hati ya ajira, wala si jasho.

Zanzibar ilichagua msamiati mwingine. Aprili 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 na kukidhi sharti la ukaazi, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kupima umaskini wake. Kiasi hicho ni kidogo, na baadaye kilipandishwa. Kwa mwanaisimu, jambo kubwa ni neno pensheni: apewaye pensheni ana anachodai, na kikichelewa ana haki ya kuuliza.

3. Wazee si kundi moja

Neno wazee, kisarufi, hujumuisha wanaume na wanawake. Kimatumizi sivyo. Likitangazwa kwamba wazee wa mtaa wanahitajika, mara nyingi wanaofika ni wanaume. Wanawake ni “bibi” na “akina mama”, nao hudhani hawakuitwa. Ajabu ni kwamba hili hutokea hata miongoni mwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama.

Ipo pia tofauti ya lugha. Katika pwani hii hadi mdomo wa Ruvuma husikika Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera. Wapo pia waliovuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, baadhi yao na Kimwani chao. Wengi wanakijua Kiswahili cha sokoni. Kiswahili cha fomu, chenye “mnufaika”, “uhakiki” na “kiambatisho”, ni lugha nyingine. Mzee anayeelezea maumivu yake kwa lugha asiyoimudu hupewa dawa ya maumivu mengine.

Fomu huuliza tena tarehe ya kuzaliwa. Mzee hujibu kwamba alizaliwa reli ya karanga ikitandikwa. Karani huandika “hajui”. Lakini anajua! Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951. Aliyezaliwa wakati huo amevuka miaka 70. Ametoa tarehe kwa kalenda ambayo fomu haikuiwekea nafasi.

4. Hitimisho

Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mwezi Januari 2016. Itifaki ni ya mataifa. Sisi wa taaluma ya lugha tuna wajibu ulio karibu zaidi. Kwanza, tuziandike upya fomu za wazee kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti na kueleweka. Pili, tuandae orodha ya matukio ya kila wilaya ili karani aweze kukadiria umri. Tatu, dirisha la wazee hospitalini liwe na mtu anayejua lugha ya nyumbani ya wanaolifikia. Nne, tangazo liseme “wazee, wanawake kwa wanaume”.

Wanafunzi wangu, endeleeni kuamkia. Ila mkimaliza kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba, msiondoke upesi. Kaeni msikilize mzee anadai nini, kisha mkiandike kama alivyokisema.