Kifurushi cha Krismasi Kitumwe Kabla Shule Hazijafungwa

Msikilizaji, Idi huwa tunaingoja mwezi uandame, lakini tarehe ya Krismasi tunaijua tangu Januari. Hata hivyo, ikifika wiki ya tatu ya Desemba, foleni ya vifurushi posta inafika mlangoni. Watu wamekumbatia maboksi, wengine bado wanazungusha solotepu, na kila mmoja akifika kaunta anamwuliza karani: kitawahi sikukuu? Karani hawezi kuahidi, na leo nataka kueleza kwa nini.

Sisi watumaji tunahesabu mwendo wa gari peke yake. Tunasema Dar es Salaam hadi Songea siku mbili haziishi, na kutoka Songea kwenda Mbinga ni masaa tu, kwa hiyo nikituma tarehe 18 kitawahi. Gari kweli litawahi. Lakini katika sehemu kubwa ya nchi yetu posta haimgongei mtu mlango. Tunaandika sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe si la mpokeaji. Bibi anayeishi milimani huko Mbinga anatumia sanduku la shule ya msingi, au la parokia, au la ofisi ya kijiji. Kifurushi kinabaki stoo ya posta, na sandukuni inawekwa karatasi ya taarifa. Karatasi hiyo inamngoja mwalimu ashuke mjini, aichukue, ampe mwanafunzi aifikishe nyumbani. Ndipo bibi atafute nauli, achukue kitambulisho, aende kukidai kilicho chake.

Sasa tazama kalenda. Shule zinafungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari. Mwalimu mwenye ufunguo wa sanduku amekwenda likizo kwao, na mwanafunzi aliyekuwa akipeleka karatasi hana tena safari ya shuleni. Tarehe 9 ni Sikukuu ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Kifurushi kinaweza kufika Mbinga salama kabisa tarehe 20, na bibi asijue habari zake hadi mwaka mpya.

Na tuseme amepata habari mapema. Umemtumia kitenge. Kitenge hakivaliwi kikiwa kimekunjwa; kinakwenda kwa fundi, na fundi wa kijijini Desemba ana kazi za watu hadi usiku. Anayepeleka kitambaa tarehe 22 anaambiwa arudi baada ya sikukuu. Kwa hiyo kitenge cha kuvaliwa kanisani asubuhi ya tarehe 25 kinatakiwa kiwe mkononi mwake mwishoni mwa Novemba. Wazee wetu hawalalamiki wakichelewa kupata. Watasema asante mwanangu, hata Februari. Ndiyo maana nalisema mimi kwa niaba yao.

Wapo wanaoliamini basi. Ni haraka, sikatai, ila Desemba buti za mabasi zimejaa mizigo ya abiria wanaokwenda kwao, na lazima awepo mtu stendi wa kupokea. Bibi huyo huyo ndiye unayetaka akakingoje kifurushi stendi usiku?

Wenye ndugu Ulaya wana kazi zaidi. Kifurushi cha huko kinajaziwa fomu ya forodha, na kuandika neno "zawadi" peke yake hakutoshi; taja kila kilichomo na thamani yake. Nchi za Umoja wa Ulaya husamehe kodi kwa zawadi anayotuma mtu binafsi kwa mtu binafsi, mradi thamani isizidi euro 45. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, kwa hiyo samli ya mama ibaki nyumbani. Manukato na pawabenki navyo usifiche ndani ya nguo, kwani vina hatari ya kuwaka moto ndani ya ndege na vinaweza kuzuia mzigo mzima. Forodha nayo ina foleni yake Desemba. Mzigo wa Ulaya ungeondoka Oktoba. Kama bado unao, usiupitishe wiki hii.

Na popote unakotuma, andika namba ya simu ya mpokeaji juu ya boksi kwa wino usiofutika, kisha weka karatasi nyingine yenye anwani hiyo hiyo ndani, maana mvua za Desemba zinalowesha maboksi. Tunza risiti, ina namba ya kufuatilia. Halafu mpigie mpokeaji simu siku hiyo hiyo, umtajie namba hiyo, ili asiingoje karatasi ya sandukuni.

Msikilizaji, leo bado ni Novemba na shule hazijafungwa. Mwalimu bado anashuka mjini, na fundi bado ana nafasi. Kesho asubuhi pitia posta kabla hujaenda kazini.