Nyumba Isiyo na Haraka: Kumtafutia Mbwa Aliyetelekezwa Makao Kakamega

Soko la Lubao, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, linajulikana kote Magharibi mwa Kenya kwa biashara ya mbwa. Mbwa huletwa na kamba shingoni, mnunuzi akamtazama kifua, akakisia umri, akataka kusikia anavyobweka. Bei ikipatana, mbwa ana mwenyewe mpya. Kwa mbwa mzima wa mwili na akili, utaratibu huo si mbaya. Makala hii inamhusu mwingine: aliyeokolewa akiwa mifupa mitupu, ambaye mtu akiinua mkono hata kujikuna, yeye hulala chini na kujikojolea. Huyo Lubao hanunuliwi.

Mbwa wa namna hiyo hatafutiwi nyumba yenye mali. Anatafutiwa nyumba yenye muda.

Mwili ndio huanza. Aliyefungwa tangu udogoni mara nyingi hukua huku kamba haijalegezwa, nailoni ikazama ndani ya ngozi ya shingo. Manyoya huficha kidonda, harufu ndiyo hukifichua. Kuna kupe, upele na minyoo. Kuna pia hatari inayoletwa na huruma yenyewe: sufuria nzima ya ugali na matumbo siku ya kwanza inaweza kumuua, maana mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula, madini ya damu huvurugika na moyo ukayumba. Apewe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo.

Chanjo haina mjadala. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi, na mkakati wa taifa uliotolewa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mlezi mpya aelezwe mapema: akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali bila kungoja. Mbwa mwenyewe, akionekana mzima, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Kumpiga mawe papo hapo kunaharibu nafasi ya kujua kama alikuwa mgonjwa.

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Wanaohudumia mbwa waliookolewa hutumia kipimo cha siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za hofu tupu, wiki 3 za kujifunza desturi za boma, miezi 3 kabla ya kujiona yuko kwake. Si sheria ya maabara, na wapo wanaohitaji mwaka. Lakini maboma mengi ya Kakamega huchukua mbwa kwa ulinzi, na mlinzi hutarajiwa kazini usiku wa kwanza. Akishinda wiki nzima chini ya ghala la mahindi bila kutoa sauti, lawama huanza: mbwa gani huyu, hata kubweka hajui?

Ajabu ni kwamba subira na mnyama si jambo geni hapa. Waisukha na Waidakho humlea fahali wa kupigana kwa miaka, wakimchagulia malisho na kumsindikiza uwanjani kwa ngoma ya isukuti. Mbwa wa boma hilohilo hungoja makombo.

Wanaosema mbwa aliyeteswa hatengenezeki watazame Virginia, Marekani, mwaka 2007. Mbwa kadhaa walikamatwa katika kesi ya mchezaji wa kandanda ya Kimarekani Michael Vick, aliyekuwa akiwapiganisha. Badala ya kuuawa wote kwa mkupuo, walipimwa mmoja mmoja. 22 walipelekwa kwa shirika la Best Friends huko Utah, na wengine wakapata familia. Gharama za namna ile hatuzimudu, ila kumpima kila mbwa peke yake hakuhitaji dola.

Kwa hiyo anayeomba mbwa aulizwe kwanza: nani hushinda nyumbani mchana? Bibi anayepalilia mboga nyuma ya nyumba anafaa kuliko mfanyakazi wa ofisi mwenye lango la chuma na mtumishi anayebadilishwa kila mwezi. Je, watoto wa hapo wamezoea kutupia mbwa mawe? Kuku wa jirani hupita? Dawa ya kupe italipwa na nani?

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo tangu 1963, na KSPCA, chama cha kuzuia ukatili huo, kina mizizi ya mwaka 1910. Lakini makao yake makuu yako Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Makala hii inapendekeza nyumba za muda: familia chache zilizo tayari kukaa na mbwa miezi 3 ya mwanzo, zikishirikiana na ofisi ya mifugo ya kaunti kwa chanjo na kuhasi. Makabidhiano yawe ya maandishi, yenye nambari za simu za pande zote mbili, tarehe ya kutembelewa, na kifungu kimoja kisichojadiliwa: mbwa akimshinda mlezi, arudishwe kwa aliyemtoa, asipelekwe Lubao wala kuachwa barabarani.