Mizani za Sayari

Tanga iliyomzaa Shaaban Robert, ikatupa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, haina sababu ya kumkaririsha mtoto sayari kama orodha ya wadaiwa. Sikiliza: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi. Kila jina mizani tatu, jumla 12. Tayari mshororo wa wimbo. Ukubwa nao hauelezeki ubaoni. Maji yakishakupwa, watoto wapelekwe mchangani Raskazone: Dunia duara la upana wa hatua moja, Mshtarii hatua 11, waizunguke wakiimba. Na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida? Hutokana na jua, mwezi na Dunia kupangana mstari mmoja. Mtoto wa mvuvi keshajua nusu ya somo. Walimu, msisubiri vitabu vipya. Anzeni na makofi ya kuhesabu mizani.