Tani Zinapimwa, Watu Wanakisiwa

Mhadhara wa Uprofesa katika Takwimu za Uchumi



Ada ya mhadhara kama huu ni kuanza na nadharia. Niwieni radhi, mimi nitaanza na lori.

Yeyote aliyesafiri kati ya Mbeya na Tunduma ameyaona malori yale marefu yasiyo na turubai. Yamebeba mabamba ya rangi ya hudhurungi, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, na mzigo wenyewe ukiutazama utadhani gari halikujaa. Limejaa. Ile ni shaba, na uzito ndio uliofika kikomo, si nafasi. Imetoka Kolwezi au Fungurume nchini Kongo, imevuka mpaka wa Kasumbalesa, imekatiza Zambia, sasa inaitafuta bandari ya Dar es Salaam. Kila furushi lina namba yake. Limepimwa mgodini, limepimwa njiani, litapimwa tena bandarini, na mnunuzi naye atachukua kipande akapime usafi wake maabara. Shaba hii ikipungua kilo kumi, kuna mtu atapiga simu.

Sasa mchukueni mkulima wa mihogo anayeishi jirani na mgodi uliotoa mzigo ule. Yeye alihesabiwa lini? Sensa ya mwisho ya watu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanyika Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire. Walipatikana watu takriban milioni 30. Tangu hapo hakuna sensa nyingine. Leo makadirio yote yanavuka milioni 100, na yanatofautiana wenyewe kwa wenyewe kwa mamilioni.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kongo imekuja na jambo ambalo wahenga hawakulitazamia: mali ina daftari, wenye mali hawana. Nataka niwaonyeshe jinsi hali hiyo inavyoingia ndani ya kila kiashiria cha uchumi tunachokisoma magazetini, hata vile ambavyo havionekani kuhusika na idadi ya watu.

Tuanze na kile kinachopendwa kuliko vyote, yaani wastani wa pato kwa kila mtu. Mwanafunzi wa darasa la tano anajua kwamba wastani unahitaji namba mbili, inayogawanywa na kigawanyo. Mijadala yetu yote huwa juu ya ile ya kwanza. Tufanye pato la nchi ni dola bilioni 70. Ukiligawa kwa watu milioni 95, kila mmoja ana dola 737. Ukiligawa kwa watu milioni 115, kila mmoja ana dola 609. Tofauti ni dola 128, na hakuna tani hata moja ya shaba iliyochimbwa wala kupotea kati ya jibu la kwanza na la pili. Umebadilika mkono wa mkadiriaji tu.

Mtasema dola 128 ni kitu gani. Sisi hapa Tanzania tunajua. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato ghafi la taifa kwa kila mtu lilikuwa limefika dola 1,080 na mstari ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Tuliweza kusema hivyo bila kuona haya kwa sababu tumehesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, na kisha tukarudia mwaka 2022 tukapata 61,741,120. Unaweza kubishana na takwimu zetu, na mimi hubishana nazo kwa mshahara, lakini kigawanyo tunacho.

Kiashiria cha pili ni ukuaji. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye hila.

Mwaka 2023 uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya asilimia 8, kasi ambayo waziri yeyote wa fedha angeiota. Mwaka huohuo bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilinunuliwa kwa karibu faranga 2,000, na mwishoni ilikaribia 2,700. Mama muuza unga wa mahindi wa Lubumbashi, ambaye unga wake mwingi hutoka ng'ambo ya mpaka na hulipiwa kwa dola, hakuuona ukuaji ule popote. Je, aliyeandika asilimia 8 alidanganya? Hapana. Alipima kitu kingine.

Pato halisi hupimwa kwa bei za mwaka wa msingi. Mgodi ukiongeza tani, pato linakua, hata kama bei ya tani ile imeanguka. Mfikirieni mvuvi aliyevua mara mbili ya kawaida yake siku ambayo samaki wamefurika diko zima. Ukimpima kwa kilo, amekua kwa asilimia mia. Ukimpima kwa alichorudi nacho nyumbani, hakurudisha hata mafuta ya injini.

Kobalti ndiyo samaki huyo. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, ile inayoingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Katika mwaka 2022 bei ilikaribia dola 40 kwa ratili. Migodi ikaongeza uzalishaji, soko likafurika, na mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeteremka hadi dola 10 hivi. Katika kipindi hicho chote safu ya tani kwenye majedwali ilikuwa inapanda vizuri. Februari 2025 serikali ikasimamisha kabisa mauzo ya nje ya kobalti, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya mgawo, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Wapo wachumi waliokasirika. Mimi sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuona serikali ya nchi ya madini ikikubali kiashiria cha tani kishuke ili kiashiria cha fedha kipande. Kama fedha hiyo itamfikia mkulima wetu wa mihogo ni swali jingine, na ndilo linaloleta kiashiria cha tatu.

Pato la ndani la taifa huhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka, bila kuuliza ni cha nani. Mgodi wa Tenke Fungurume unamilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Kichina ya CMOC. Kamoto na Mutanda ni vya Glencore ya Uswisi kwa sehemu kubwa. Kamoa-Kakula, ulioanza uzalishaji mwaka 2021, ni wa ubia wa Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China pamoja na serikali yenyewe. Faida, riba ya mikopo na mishahara ya wageni vikiondoka, kinachobaki ni pato ghafi la taifa, ambalo ni dogo kuliko lile la kwanza. Kwenye hotuba za kisiasa hutajwa lile kubwa. Kwenye meza ya chakula huliwa lile dogo.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 ilijaribu kuziba pengo hilo. Mrabaha wa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwamo, ulipandishwa hadi asilimia 10. Na mrabaha ukilipwa hugawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mamlaka ya mtaa penye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Nimeisoma mara nyingi kwa wivu. Lakini mkuu wa eneo akishapokea asilimia zake 15 anajengaje zahanati? Ya watu wangapi? Anaagiza madawati mangapi? Huko si ajabu kukuta kampeni ya chanjo ikitoa taarifa ya mafanikio ya zaidi ya asilimia mia moja. Watoto waliochanjwa ni wengi kuliko watoto waliopo! Muuguzi hakudanganya, alipewa kigawanyo kibovu.

Msidhani kwamba hali hii ilianza juzi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliufuta jina mkoa wa Katanga akauita Shaba. Neno letu wenyewe, la Kiswahili. Wenyeji wa huko husema mukuba, lakini jina lililobandikwa kwenye ramani lilikuwa Shaba, na lilidumu hadi 1997. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa mamilioni ya watu kupewa jina la bidhaa inayosafirishwa.

Shirika la umma la Gécamines lilikuwa ndiyo dola ndani ya dola. Lilikuwa na shule, hospitali, nyumba, mgawo wa unga kwa familia ya mfanyakazi, na lilileta zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi. Mwaka 1986 lilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Wakati huo viashiria vyote vya Zaire vilikuwa kwa kweli ni kiashiria kimoja kilichovaa nguo tofauti: mauzo ya nje yalikuwa Gécamines, kodi ilikuwa Gécamines, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa Gécamines. Fedha zilichotwa, mitambo haikukarabatiwa, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufika 1993 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 50,000. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake kuhusu familia za wafanyakazi hao kwa jina lenye maana ya watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Hakuna jedwali la benki kuu lililoeleza anguko lile vizuri zaidi ya jina hilo.

Lilipoanguka Gécamines, vikaanguka vyote. Oktoba 1993 ikatolewa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu, na mwaka uliofuata bei zikapaa kwa maelfu ya asilimia. Kuna kisa hapa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Watu wa Kasai Mashariki, mkoa wa almasi, walizikataa noti mpya. Waliendelea kutumia zile za zamani, zilizochakaa, ambazo Kinshasa haikuweza tena kuzichapa. Na kwa kuwa hazikuweza kuchapwa, thamani yake haikuyeyuka kwa kasi ile ya noti mpya. Kwa miaka kadhaa nchi moja ikawa na fedha mbili na mifumuko miwili ya bei. Mtu akiniletea wastani wa mfumuko wa bei wa Zaire mwaka 1994, humwuliza kwanza: wa noti ipi?

Jambo moja zaidi, kuhusu umeme. Mwaka 1982 ulikamilika waya wa umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi ya mbali, hadi Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi. Ulijengwa ili kulisha migodi. Unapita juu ya vijiji, na vijiji viko gizani chini yake. Hata leo ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano nchini mwenye umeme. Megawati za Inga zinajulikana vizuri sana.

Kwa nini basi watu hawahesabiwi? Wengi hujibu haraka: vita. Vita vipo, na ni vikali. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na hakuna karani wa sensa atakayebisha hodi chini ya risasi. Lakini kabla ya uchaguzi wa 2023 nchi hiyohiyo iliandikisha wapigakura karibu milioni 44, isipokuwa katika maeneo kama Masisi na Rutshuru yaliyokuwa vitani. Njia mbovu, mito, misitu, vyote vilivukwa. Kwa hiyo inawezekana. Tani huhesabiwa kwa sababu mnunuzi anazidai, na wapigakura kwa sababu wagombea wanawadai. Mtoto wa miaka saba na bibi asiye na kadi hawana anayewadai. Zaidi ya hapo, hesabu ya kweli ingehamisha viti vya bunge na mafungu ya bajeti kutoka mkoa hadi mkoa, na wapo wanaoona heri makisio.

Mtoto aliyezaliwa siku ya pili baada ya sensa ya 1984 sasa amevuka miaka 40, na huenda ameshaitwa babu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu Wakongo watatu katika kila wanne waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Huenda naye ni mmoja wao. Hata umaskini wake ni makisio.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tangu hapo mikutano mingi imezungumzia ushuru, barabara na malori yale niliyoanza nayo, na ni haki, kwa kuwa mizigo ya Kongo inailisha bandari yetu. Ombi langu ni dogo na linahusu fani yangu. Tunao wataalamu waliosimamia sensa sita. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na kinazungumzwa kutoka Ituri hadi Lubumbashi. Dodoso letu halihitaji hata mkalimani katika nusu ya mashariki ya nchi ile. Siku Kinshasa itakapoamua kuhesabu, Jumuiya iwe tayari na watu, ramani na vishikwambi, na chuo hiki kianze sasa kuwafundisha vijana wa Kongo walio kwenye madarasa yetu kazi ya kuchora maeneo ya kuhesabia. Wanafunzi wangu watatu wanatoka huko. Wamekaa pale nyuma. Kazi hiyo ni yao.