Ukuta na Mlango

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandika ardhi kwa ajili ya viumbe wake wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, nakuusieni nyinyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Mnamo tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwaka huo huo Serikali ya Kenya ilianza kujenga ukuta katika mpaka wake na Somalia, karibu na Mandera. Mpaka huo una urefu wa kilomita 700 hivi. Hadi kazi iliposimamishwa mwaka 2018, uzio wa seng'enge uliokwishasimama ulikuwa wa kilomita chache tu.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika. Mmoja husema: asiyefunga mlango amemwita mwizi. Mwingine husema: uzio huu unamtenga mtu na shangazi yake, na unamzibia njia mkimbizi. Kila mmoja ana hoja. Basi dini yatuambiaje?

Kila Ijumaa twasoma Suratul Kahf. Humo mna habari za Dhul-Qarnayn, aliyeombwa na watu dhaifu awajengee kizuizi baina yao na Yajuju na Majuju. Akakijenga, wala hakutaka ujira. Basi kujikinga si dhambi. Lakini zingatieni: kizuizi kile kilijengwa kwa sababu ya ufisadi wao, si kwa sababu ya kabila wala umaskini.

Sasa tazameni upande wa pili. Sahaba walipoteswa Makka, walivuka bahari wakaenda Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi hakuhukumu kwa zawadi. Aliwaita wakimbizi, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, ndipo akakata shauri wasirudishwe. Sisi ni umma unaohesabu miaka yake kwa Hijra. Vipi tutamdharau mwenye kuhama?

Ndugu zangu, ukuta hauna masikio. Hauwezi kumpambanua mwuaji na mjane anayemkimbia mwuaji. Kazi hiyo ni ya watu. Mnamo tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa, na Waislamu wakaamrishwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Siku ile ukuta wa abiria Wakristo ulikuwa ni vifua vya Waislamu.

Basi wajibu wetu ni huu. Tusimfiche mwuaji, hata akiwa mtoto wa ndugu yetu. Tusimfukuze mkimbizi, hata akiwa hana cheti. Tumfikishe kwa wenye mamlaka asikilizwe. Na apokeaye hongo mpakani ajue kwamba ameutoboa ukuta kuliko adui. Wakubwa wakiona lazima kujenga, wajenge na mlango, na mlangoni wamweke mtu mwadilifu.

Ewe Mola wetu, tupe amani katika nchi zetu, wala usizifanye nyoyo zetu kuwa kuta mbele ya wanaodhulumiwa. Amin.